Mbona mapigano hayaonekani? Jibu kwa msomaji kuhusu filamu za vita vya Hispania

Swali la msomaji: "Nimeshatazama filamu nne zinazohusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Kila nikikaa kusubiri mapigano, naletewa mtoto anayechungulia mlangoni, jiko, na wazee wasiosema kitu. Je, ni uhaba wa fedha? Au Wahispania wanaogopa kuvionyesha vita vyenyewe? Na mtu anayetaka kuvielewa vita hivyo kupitia filamu na tamthilia, aanzie wapi?"

Ndugu yangu, fedha ni sehemu ya jibu, lakini ni sehemu ndogo. Filamu za Kihispania zenye mizinga, mahandaki na vikosi vinavyosonga mbele zipo. Ila zile za mwanzo zilitengenezwa na upande mmoja tu, ule ulioshinda, tena makaburi yakiwa bado mabichi. Yale majiko na watoto unaowalalamikia wana chimbuko lao humo.

Kwa ambaye historia imemponyoka: Julai 1936 sehemu ya jeshi iliasi dhidi ya serikali ya Jamhuri iliyochaguliwa na wananchi. Uasi ulianzia Moroko ya Kihispania, ukavuka bahari, nchi ikapasuka vipande viwili. Jenerali Francisco Franco alitangaza ushindi tarehe 1 Aprili 1939, akatawala mpaka kifo chake Novemba 1975. Iweke akilini hiyo miaka 36, maana karibu kila filamu uliyoitazama imetokana nayo kuliko ilivyotokana na ile miaka mitatu ya vita.

Mwaka 1942 ilitoka Raza, iliyoongozwa na José Luis Sáenz de Heredia. Aliyeandika kisa chake alijiita Jaime de Andrade, na hilo lilikuwa jina la kujifichia: mwandishi ni Franco mwenyewe. Ni habari za familia ya wanamaji ambayo watoto wake wanagawanyika pande mbili. Shujaa, aliyeigizwa na Alfredo Mayo, anasimamishwa mbele ya kikosi cha wapiga risasi, anapigwa, na hafi. Mambo hayo. Mwaka 1950 filamu hiyohiyo ikarudishwa kwenye sinema kwa jina jingine, saluti za kifashisti zimekatwa na kauli za kuisema vibaya Marekani zimeondolewa, kwa sababu Hitler na Mussolini walikuwa wameshakwenda na maji na Franco alikuwa anatafuta marafiki wapya. Toleo la awali liliadimika kabisa, likaja kupatikana tena miaka ya 1990. Likumbuke jina la Alfredo Mayo, nitalirudia.

Walioshindwa hawakuwa na nafasi ya kujibu. Muswada wa filamu ulisomwa na wadhibiti kabla kamera haijawashwa, na filamu iliyokamilika ikatazamwa tena kabla ya kutoka. Tangu 1941 filamu za kigeni zililazimika kuingizwa sauti za Kihispania, na kumbe anayeingiza sauti anaweza kuingiza chochote. Katika filamu ya Kimarekani Casablanca, kwa mfano, habari ya mhusika mkuu, Rick, kupigana Hispania upande wa Jamhuri iliyeyushwa kwenye sauti ya Kihispania. Tangu Januari 1943 kila sinema ililazimika kuanza na NO-DO, taarifa za habari za serikali, ambamo Franco alikuwa kila mara akizindua bwawa fulani. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1935 alikua, akaoa na kupata watoto bila kuona kwenye skrini hata sura moja ya upande wa baba yake, kama baba yake alikuwa wa upande ule mwingine.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili inahusu vita vyenyewe, na mimi naiona ndiyo nzito zaidi.

Mwanahistoria Mwingereza Paul Preston anakadiria kwamba karibu watu 200,000 waliuawa mbali na uwanja wa mapigano, ama bila kesi ama kwa kesi za kiini macho, na kwamba waliokufa vitani wakipigana huenda nao walifikia idadi hiyohiyo. Maana yake ni kwamba kwa kila askari aliyeanguka handakini, kuna mwingine aliyetolewa nyumbani usiku, akapakiwa kwenye lori na kupigwa risasi kwenye ukuta wa makaburi au kando ya barabara. Mara nyingi jina lake lilitajwa na mtu aliyemfahamu vizuri. Filamu ya mahandaki peke yake ingeiacha nje nusu ya vita. Mwongozaji anayeitaka nusu hiyo hana budi kuingiza kamera kijijini, ndani ya nyumba, mezani.

Chukua La lengua de las mariposas, yaani Ulimi wa Vipepeo, ya José Luis Cuerda, ya mwaka 1999. Kisa kinatokea Galicia, kaskazini-magharibi, eneo lililoangukia mikononi mwa waasi ndani ya siku chache za Julai 1936. Huko hapakuwa na uwanja wa mapigano hata siku moja, kwa hiyo ukiyatafuta mapigano humo unatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Sehemu kubwa ya filamu ni mtoto, Moncho, na mwalimu wake mzee, Don Gregorio, wakitembea porini kutazama wadudu. Baba yake Moncho ni fundi cherehani, mpenzi wa Jamhuri, na amemshonea mwalimu suti bila kutaka malipo. Kisha waasi wanaingia. Siku moja wafungwa wanatolewa nje na kupandishwa lori mbele ya kijiji kizima, na mwalimu yumo. Mama anamhimiza mumewe atukane kama wengine, la sivyo watajua. Fundi anatukana, sauti inamkwama, anatukana tena huku machozi yakimtoka. Mtoto naye anaingia kwenye mkumbo: anatukana, lori linaondoka, analikimbilia na wenzake wakirusha mawe. Matusi ya wakubwa yanapomwishia, anapiga kelele kwa majina ya kisayansi ambayo mwalimu mwenyewe ndiye aliyemfundisha, la ndege fulani na la ulimi wa kipepeo.

Katika tukio hilo hakuna bunduki inayolia. Bado sijaona onyesho la filamu linaloeleza vizuri zaidi jinsi kijiji kinavyogeuka kwa asubuhi moja, na jinsi mtu anavyoweza kumsaliti rafiki si kwa chuki bali kwa sababu ana mke na watoto nyumbani.

Sasa, kwa nini mtoto? Sababu moja ni ya kawaida mno hata watu huipita: umri. Carlos Saura alizaliwa 1932. Víctor Erice alizaliwa 1940, vita vimekwisha lakini njaa na kimya bado. Hawa ndio waliokuja kutengeneza filamu zilizo bora miaka ya 1960 na 1970, na walichokiona wao cha vita ni kile kinachoonekana na mtu mwenye kimo cha meza: miguu ya wakubwa, minong'ono inayokatika ukiingia chumbani. Sababu nyingine ni ya kijanja. Mdhibiti anaweza kukata sentensi, lakini mtoto anapomtazama baba yake, atakata nini?

Hakuna aliyeitumia nafasi hiyo kama Erice katika El espíritu de la colmena, Roho ya Mzinga wa Nyuki, ya 1973, Franco akiwa bado hai. Kijiji cha Castilla, karibu mwaka 1940. Mtoto wa kike, Ana, anakuta askari mkimbizi aliyejeruhiwa amejificha kwenye kibanda kilichotelekezwa shambani. Anampelekea tunda, anampelekea koti la baba yake, na mfukoni mwa koti mna saa ya baba inayopiga muziki ikifunguliwa. Usiku tunaona kibanda kwa mbali, gizani, na mimweko ya risasi. Basi. Siku inayofuata familia imekaa kunywa kifungua kinywa. Baba, ambaye ameitwa na polisi kutambua vitu vyake, anaitoa saa na kuifungua bila kusema neno. Muziki unalia. Anawatazama binti zake mmojammoja, na Ana anamtazama yeye. Hakuna aliyetaja vita, Jamhuri wala Franco, ila kila mtu mezani, na kila mtu aliyekaa sinema mwaka ule, alielewa nani ameuawa. Ulisema umechoshwa na wazee wasiosema kitu. Rudia tukio hili, kisha uniambie kama kimya kile ni uvivu wa mwandishi.

Saura yeye alipitia mlango mwingine. La caza, Uwindaji, ya mwaka 1966, ni wanaume wanaokwenda kuwinda sungura kwenye bonde kavu lililowahi kuwa uwanja wa mapigano. Wadhibiti hawakutaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vitajwe waziwazi, kwa hiyo wahusika wanasema "vita" tu, na mahali fulani ndani ya pango kuna mifupa ya mtu. Jua linawaka, madeni ya zamani yanafufuka, na kufikia jioni bunduki zimeacha sungura na kuelekezwa kwa wenyewe. Mmoja wa wawindaji wale, mtu wa makamo mwenye fedha na majivuno, ameigizwa na nani? Alfredo Mayo, shujaa wa Raza. Hakuna mdhibiti anayeweza kukata uso wa mwigizaji. Filamu hiyo ilimpatia Saura tuzo ya mwongozaji bora pale Berlin.

Miaka minane baadaye Saura alitoa La prima Angélica, ambamo mwanamume wa makamo anarudi alikokuwa mwaka 1936 na kujiigiza mwenyewe akiwa mtoto, bila kubadilishwa sura wala umri. Mjomba wake wa Falange, chama cha kifashisti cha upande wa Franco, anatokea na mkono umefungwa plasta ngumu, umenyooka juu kama mtu aliyegandia kwenye saluti. Watu walicheka. Wengine hawakucheka kabisa: mjini Barcelona sinema iliyokuwa ikiionyesha ilishambuliwa kwa moto mwaka huohuo wa 1974.

Udhibiti ulifutwa Novemba 1977. Mtu angetarajia kwamba sasa mizinga ingeanza kulia kwenye skrini. Haikuwa hivyo sana, na hapo ndipo utaona kwamba woga peke yake hauelezi jambo hili. Las bicicletas son para el verano, Baiskeli ni za Kiangazi, ya Jaime Chávarri, ya 1984, ilitengenezwa bila mdhibiti yeyote begani, na bado imekaa ndani ya nyumba, Madrid iliyozingirwa. Imetokana na mchezo wa jukwaani wa Fernando Fernán Gómez, aliyekuwa kijana mjini humo wakati wa vita. Kijana Luis anataka baiskeli ya kiangazi cha 1936. Baba anamwambia asubiri kidogo. Kuna tukio la dengu ambalo kwangu ni vita vyote ndani ya sufuria moja: chakula kinapungua kila siku kabla hakijafika mezani, familia inaanza kushukiana, kisha mmoja baada ya mwingine wanakiri kwamba akipita jikoni huchota kijiko kimoja tu. Kila mtu kijiko kimoja tu. Mwishoni baba anamwambia mwanawe kwamba kilichofika si amani, ni ushindi. Fernán Gómez huyohuyo ndiye baba mwenye saa katika filamu ya Erice, na ndiye Don Gregorio wa vipepeo. Ukimfuata mzee huyu mmoja katika kazi hizo tatu, umeshapata nusu ya masomo yako.

Ukitaka handaki, lipo, lakini lina kichekesho. La vaquilla ya Luis García Berlanga, ya 1985, ilikuwa na muswada uliokaa kabatini tangu miaka ya 1950 kwa sababu ya udhibiti. Upande wa Jamhuri una karatasi za kusokotea sigara lakini hauna tumbaku. Upande wa pili una tumbaku lakini hauna karatasi. Kwa hiyo askari wanakutana katikati na kubadilishana, wanaulizana habari za nyumbani, kisha wanarudi kupigana. Kisha kikundi cha upande wa Jamhuri kinajipenyeza kwa adui kuiba ng'ombe wa sikukuu. Kuna waliokasirika kwamba vita vimefanyiwa mzaha na pande zote mbili zimepimwa kwa mizani moja. Hoja yao ina uzito, maana makosa ya pande hizo hayakulingana. Lakini Berlanga hakuwa mtu wa kuhubiriwa: alilitumikia jeshi la Jamhuri akiwa kijana mdogo, kisha akajiunga na kikosi cha Wahispania kilichokwenda kupigana Urusi upande wa Wajerumani, kwa kiasi fulani ili kumwokoa baba yake, mwanasiasa wa Jamhuri aliyehukumiwa kifo. Aliyevaa sare zote mbili nampa ruhusa ya kucheka.

Mapigano yenye uzito utayapata kwa Mwingereza Ken Loach, Land and Freedom, ya 1995: kijana wa Liverpool anajiunga na wanamgambo wa POUM, chama kidogo cha Kimarx cha upande wa Jamhuri, huko Aragón. Hata humo, mapigano ni ya haraka na ya kuchanganyikiwa, na kitovu cha filamu ni mkutano wa wanakijiji wanaobishana kwa muda mrefu kama mashamba yagawiwe kila mtu au yalimwe kwa pamoja. Watu wazima wamekaa kwenye viti, wanabishana juu ya ardhi, na mtazamaji hapumui. Ukitaka kitu kilichopigwa picha vita vikiwa vinaendelea, tafuta Sierra de Teruel ya Mfaransa André Malraux, iliyoanza kutengenezwa 1938 huko Catalonia huku ndege zikiangusha mabomu. Wanakijiji wakiwateremsha mlimani marubani waliojeruhiwa, kwa mstari mrefu unaojipinda, ni onyesho ambalo hakuna bajeti ingeweza kulinunua.

Umetaja tamthilia pia. Runinga ya taifa, TVE, ilitoa La forja de un rebelde mwaka 1990, sehemu sita zilizoongozwa na Mario Camus kutokana na maisha ya mwandishi Arturo Barea. Barea alifanya kazi katika jengo refu la kampuni ya simu mjini Madrid, jengo ambalo mizinga ya Franco ililipiga mara kwa mara, na kazi yake ilikuwa kudhibiti taarifa za waandishi wa kigeni. Naam, mdhibiti, wa upande wa Jamhuri. Ndiyo maana naipenda: haitoi malaika. Amar en tiempos revueltos, iliyoanza 2005, ni mnyama mwingine, tamthilia ya kila siku ya mchana inayoanzia 1936 na kwenda haraka kwenye miaka ya baada ya vita. Ina mapenzi mengi na machozi mengi zaidi, na mavazi ni masafi kupita kiasi kwa watu wenye njaa. Lakini iliingia kwenye nyumba za bibi na babu ambao hawakuwahi kuwasimulia wajukuu lolote.

Sasa niseme nisichokipenda, maana lawama yako ina ukweli ndani yake. Baada ya mafanikio ya vipepeo, na hasa baada ya Guillermo del Toro kutoa El laberinto del fauno mwaka 2006 na kuchukua tuzo tatu za Oscar, mtoto mwenye macho makubwa akawa mazoea. Kwa del Toro mtoto ana kazi: anayekataa kutii amri anawekwa mbele ya kapteni ambaye kutii ndiyo dini yake. Kwa waigaji wengi ni njia ya mkato ya kumliza mtazamaji bila kumlazimisha afikiri nani alikuwa anataka nini mwaka 1936. Upungufu mwingine ni mapadri. Karibu mapadri na watawa 7,000 waliuawa upande wa Jamhuri, wengi katika miezi ya mwanzo, na filamu nzuri zenye ujasiri wa kukaa na jambo hilo ni chache. Mwanakijiji wa Jamhuri akionyeshwa kila mara kuwa mpole, msomi na mpenda vipepeo, mtazamaji hataelewa chuki ile ilitoka wapi, wala miaka mingapi ya njaa na ardhi iliyohodhiwa ilikuwa nyuma yake.

Kati ya za karibuni, iliyonigusa zaidi ni La trinchera infinita, Handaki Lisilo na Mwisho, ya 2019. Hili nalo ni handaki, ila limechimbwa ndani ya nyumba. Mwanamume wa Andalusia anajificha kwenye shimo nyuma ya ukuta mwaka 1936, akidhani ni wiki chache, na anatoka 1969 baada ya amri ya kusamehe makosa ya wakati wa vita. Mambo haya yalitokea kweli. Anayejulikana zaidi ni Manuel Cortés, aliyekuwa meya wa Mijas, aliyejificha kwa miaka 30. Kamera inakaa naye shimoni, kwa hiyo nasi tunaijua dunia kupitia ufa: viatu vinavyopita, mlango unaogongwa, mke anayezeeka akidanganya watu kwa niaba yake. Mtazamaji anaanza kwa kumhurumia mwanamume, na katikati anagundua kwamba anayebeba mzigo mzito zaidi ni yule aliye nje.

Kwa hiyo ningekupangia hivi. Anza na vipepeo, ni rahisi kuifuata na itakupa kijiji. Kisha baiskeli, ikupe mji. Baada ya hapo pumzika kwa La vaquilla, ucheke kidogo, ndipo urudi kwa Erice ukiwa na subira, usiku, simu ikiwa mbali. Ken Loach akufuate hapo, maana ugomvi wa ndani wa upande wa Jamhuri haueleweki kwa mtu asiyejua kwanza Jamhuri ilikuwa nini, na shimo la Andalusia liwe la mwisho. Raza itazame wakati wowote, ila lazima uitazame kabla ya La caza, la sivyo uso wa Alfredo Mayo hautakuambia kitu. Zote chagua zenye sauti ya asili na tafsiri ya maandishi chini; umeshaona kilichofanywa na waingizaji sauti. Na kama unawahurumia wanyama, ujue mapema kwamba wale sungura wa Saura walipigwa risasi kwelikweli.